Neno Lisilomo Kwenye Ripoti

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili hapa, na leo ndipo nimewaona kwa mara ya kwanza watumishi wote kumi na wanne wa Kituo cha Afya Rwamasero wakiwa mahali pamoja. Ilikuwa saa nne, chai na maandazi. Nilihesabu mara mbili. Ukitaka kujua kituo kina watu wangapi usisome ikama, ile orodha ya watumishi, subiri chai.

Mimi ndiye katibu wa afya. Dk. Apolinary, mganga mfawidhi, alinitambulisha kama "binti yetu wa makaratasi", wakacheka, naye akafurahi kwamba amechekesha. Nimesoma miaka mitatu Morogoro namna ya kuendesha taasisi za afya. Yeye ameendesha hii miaka tisa na imepata nyota moja kati ya tano. Wakaguzi wanarudi mwezi wa sita. Nikiwafikisha nyota tatu, kuna nafasi Musoma mjini na nimeshaambiwa itakuwa yangu. Naandika hivyo hapa ili baadaye nisijidanganye kwamba nilikuja Rwamasero kwa ajili ya wagonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa na kitabu cha mahudhurio tangu asubuhi. Saini nne tofauti, mkono mmoja. Hata hawakujisumbua kubadilisha kalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkono ni wa Selestina. Ni mhudumu wa afya, kwa karatasi kazi yake ni usafi, kusukuma machela na kuwasaidia wauguzi. Ana miaka thelathini na moja kazini na amebakiza mwaka mmoja na miezi kumi kustaafu. Wote wanamwita Mama Keraryo. Mimi namwita kwa jina lililo kwenye faili.

Nilimuuliza kwa nini alimsainia Diana, muuguzi mkunga, siku ambayo zamu haikuwa ya Diana.

"Diana alikuwepo."

"Ratiba inasema zamu ilikuwa ya Bernado."

"Ratiba haijawahi kunyeshewa, katibu. Mvua ikiwa Butiama huwaga tunabadilishana."

Alisema hivyo kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo, kisha akasubiri nimruhusu aende kudeki. Sikumuuliza zaidi. Mtu anayeghushi saini akianza kuzungumzia hali ya hewa, mahojiano yamekwisha.

Jumanne, 11 Machi

Dk. Apolinary ameitisha kikao cha kupanga siku ya kikao.

Ijumaa, 14 Machi

Nimebandika ratiba mpya. Rangi tatu kwa zamu tatu, karatasi imepitishwa kwenye plastiki. Kila mtu anapata mapumziko sawa, hakuna mpendwa wala mnyonge. Makabidhiano ni saa nane kamili mchana. Aliyemaliza zamu anaondoka, asiyekuwa na zamu asionekane kituoni. Walikuwa na tabia ya kuzubaa hapa, wengine wakilala hata kwa Selestina, ambaye nyumba yake mwenyewe iko nyuma ya kituo. Karibu wote wamepanga vyumba senta, ng'ambo ya mto, kwa kuwa kituo kina nyumba moja tu ya mtumishi na nimepewa mimi.

Bernado, tabibu wetu, aliisoma ratiba mikono ikiwa mfukoni. "Madam, hii nzuri. Mto umeuuliza?"

Wakacheka. Nikamwambia mto haumo kwenye ikama. Wakacheka tena, na niliona kwamba mara hii hawakucheka alichosema Bernado.

Alhamisi, 20 Machi

Siku sita, kila saini mahali pake. Haikuhitaji akili nyingi. Ilihitaji tu mtu mmoja asiyetaka kupendwa.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemkuta Selestina chumba cha kujifungulia, glovu mkononi, akimwelekeza mama wakati wa kusukuma. Diana, mwenye cheti cha ukunga, amesimama kando anamshikia taa.

Diana alinieleza bila aibu kwamba mtoto alikuwa amekaa vibaya na kwamba Mama Keraryo ndiye anayejua kumgeuza. Anajua. Wakaguzi watapenda kusikia hilo, mfagiaji anajua.

Nimemwandikia barua. "Kuanzia tarehe ya barua hii hutaingia chumba cha kujifungulia kwa sababu yoyote." Nilijivunia hayo maneno matatu ya mwisho. Aliisoma polepole, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa gauni lake la kazi.

"Na mama akinishika mkono mlangoni?"

"Utautoa."

Aliniangalia kwa muda. Haikuwa chuki. Nimeshawaona walimu wa darasa la kwanza wakimwangalia mtoto hivyo anapoandika jina lake vibaya kwa kujiamini.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nakala ya barua ya Selestina imefika wilayani, pamoja na maelezo yangu kuhusu saini. Dk. Apolinary alisaini bila kusoma, huku akinieleza kuhusu mashamba yake ya pamba.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika haya kama yalivyofuatana. Kesho nitatakiwa kuandika ripoti, na nataka kwanza niwe nimeyaona.

Dk. Apolinary alikuwa Musoma kwenye semina ya uongozi. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya Diana. Hapa kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini saa saba na nusu mawingu yalishakaa juu ya vilima vya Butiama, meusi, hayasogei. Selestina aliacha ndoo akaja mlangoni kwangu. Alisema Diana asivuke leo, abaki mpaka Bernado afike, maana maji ya kule huchukua kama saa moja kufika hapa. Nilimjibu kwamba Diana anatoka saa nane na Bernado anaingia saa nane.

"Katibu, wakisubiriana, mmoja anabaki huku. Wasiposubiriana, wote wanabaki kule."

Nikamwambia arudi kwenye ndoo yake.

Diana naye alikuja, begi begani. Hakubishana. Aliniuliza tu kama akibaki nitamwandika. Nikasema ndiyo, kukaa kituoni nje ya zamu kumeorodheshwa kama kosa. Aliondoka saa nane na dakika mbili. Bernado alikuwa bado anatafuta pikipiki senta.

Saa nane na dakika ishirini tuliusikia mto. Mimi nilidhani ni lori. Nilipofika ukingoni, drifti, ile sakafu ya zege tunayovukia, haikuonekana tena. Juu yake palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiburuta matawi. Ng'ambo alikuwa amesimama Bernado na koti lake jeupe, na kando yake Diana, aliyekuwa amevuka dakika chache kabla. Wataalamu wangu wawili, walioandikwa kwa rangi mbili tofauti. Bernado alinipigia simu kunijulisha kwamba hawezi kuvuka. Nilimwambia namwona.

Ndipo nilipoelewa zile saini. Nilizielewa zote kwa pamoja, bila kuhitaji mtu wa kunieleza. Mvua ikikaa Butiama, aliyeko upande wa kituo habanduki. Analala kwa Selestina, anakula kwa Selestina, anashika zamu ya mwenzake mpaka maji yashuke. Na kwa kuwa ratiba ya serikali haina safu ya mto, Selestina anasaini kama ratiba inavyotaka. Miaka yote kituo hiki cha nyota moja hakijawahi kukosa mkunga siku ya mafuriko. Mimi nilikifikisha hapo kwa mwezi mmoja, kwa rangi tatu.

Saa tisa kasoro robo mkokoteni wa ng'ombe uliingia uani ukiwa na Gati, mwanamke wa vijiji vya upande huu, na mama mkwe wake. Uchungu ulimshika shambani asubuhi. Alikuwa anauma kanga.

Wengine wote walikuwa ng'ambo; ndani ya kituo tulikuwa mtunza maabara, mlinzi, Selestina na mimi.

Mimi na mama mkwe wake tulimfikisha Gati mpaka kitanda cha kujifungulia, Selestina akasimama nje ya kizingiti. Kweli alisimama nje, vidole vya miguu vikiwa vimeishia kwenye mstari wa mlango.

"Katibu, barua yako iko hapa mfukoni. Niingie au nisiingie?"

Aliuliza kama mtu anavyouliza mboga iongezwe chumvi. Hakuwa ananikomoa, ingawa ingekuwa haki yake. Alitaka kujua.

Nikampigia Dk. Apolinary. Simu imezimwa, yuko semina. Nikapiga wilayani, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Gati alipiga kelele moja ndefu, na mama mkwe wake akaja akanishika kiwiko, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza kama mimi ndiye daktari. Nikapiga wilayani mara ya tatu. Juu ya mlango kuna saa ya ukutani niliyoinunua mimi, kwa ajili ya makabidhiano. Dakika kumi na moja. Mtu anayetafuta ruhusa kwa simu dakika kumi na moja hatafuti ruhusa. Anatafuta mtu wa kumlaumu.

Kisha nikasema, "Ingia."

Yaliyofuata sikuyafanya mimi. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Selestina alikipitisha juu ya kichwa kwa kidole, kama anavua shanga. Mtoto alitoka wa kijivu, hakulia. Akamsugua mgongo, akamwekea ile barakoa ndogo na kuanza kumpulizia, akihesabu kwa lugha ya kwao. Baadaye damu ya Gati ikawa nyingi, nikampigia Diana, naye kutoka ng'ambo akapaza sauti ili asishindwe na mto: sindano ya oksitosini, paja, kandeni tumbo. Kazi yangu ilikuwa kushika simu. Niliishika vizuri.

Mtoto alilia saa kumi na dakika nne. Ni wa kike. Damu imekata.

Selestina alivua glovu, akanawa, akachukua ndoo akaanza kudeki chumba, kwa sababu kudeki ndiyo kazi yake.

Jumatano, 16 Aprili

Ripoti ya tukio imekamilika, kurasa mbili. "Kutokana na mafuriko, wataalamu wa zamu hawakuweza kufika. Mhudumu wa afya, licha ya katazo la maandishi, aliingia chumba cha kujifungulia na kuendesha uzazi. Mama na mtoto wako salama."

Kila sentensi ni kweli. Jana nilisema neno moja, na hilo halimo. Ripoti hueleza nani alifanya nini, si nani alisema nini mlangoni.

Dk. Apolinary amerudi na mkoba wa semina. Alisoma, mara hii kweli alisoma, akaniangalia juu ya miwani. "Imekaa kitaalamu," akasema, akasaini. Nilimdharau kwa jinsi alivyoelewa haraka.

Alhamisi, 17 Aprili

Imetumwa.

Jumanne, 22 Aprili

Mama mkwe wa Gati amemletea Selestina jogoo. Alipita dirishani kwangu, nikamsikia akiuliza kama yule binti wa simu bado yupo. Diana akamwambia yupo, anaandika.

Jumanne, 29 Aprili

Hati ya mashtaka ya Selestina imekuja. Kughushi mahudhurio, na kutoa huduma nje ya mamlaka kinyume cha katazo. La kwanza ni onyo. La pili ni kufukuzwa, na akifukuzwa sasa, miaka thelathini na moja inaishia hewani, hana pensheni. Shauri litasikilizwa Bunda tarehe ishirini na mbili Mei.

Nilimkabidhi mwenyewe. Alisaini kupokea, saini yake halisi, ambayo sikuwa nimeiangalia vizuri kabla. Ni mbaya kuliko zote alizoghushi.

Nilisubiri aseme. Alikuwa na kila sababu ya kusema: katibu, si uliniambia niingie? Akakunja karatasi mara nne.

Jumamosi, 3 Mei

Wote wanajua. Mlinzi alisikia, mtunza maabara alisikia, Diana alisikia yaliyofuata kwenye simu. Hakuna aliyekuja ofisini kunikabili. "Shikamoo madam, umeamkaje madam." Hata Diana aliyenizidi miaka saba ananiamkia, na anaitoa shikamoo yake taratibu ili niisikie vizuri. Naweza kuwaita waoga. Nimewaita, ukurasa huu ulikuwa umejaa, nimeuchana. Kwa siku kumi na nane mwoga mwenye digrii amekuwa akiwapima waoga wasio na digrii.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zimepungua. Pamba imeanza kupasuka huku na kule. Nimeandika barua ya kurekebisha ripoti, aya tatu, ya kwanza ikieleza mazingira magumu. Nilipoisoma tena nikaona mazingira yamechukua nusu ukurasa na mimi mstari mmoja. Sikuituma. Ukweli ulikuwa wa mstari mmoja tu, lakini nilitaka usindikizwe.

Jumatano, 21 Mei

Kesho Bunda. Dk. Apolinary amenishauri nijibu ninachoulizwa tu. Kwamba wilayani wameipenda ripoti. Kwamba nafasi ya Musoma itatangazwa Juni.

Alhamisi, 22 Mei

Kamati ilikuwa ya watu watano, chupa tano za maji, mezani maua ya plastiki. Mwenyekiti ni Mzee Machibya, mstaafu, mtu wa kuandika polepole. Dk. Apolinary alivaa tai na kutoa ushahidi mrefu wa mtu ambaye hakuwepo.

Bernado alikuja bila kuitwa, akaeleza habari ya mto na saini, akasema kama ni kosa basi ni la wote na waandikiwe wote. Alizungumza kwa lugha mbovu, kwa hasira, bila karatasi. Sikuwahi kufikiri kwamba yule mtu wa mikono mfukoni anaweza kujitia hatarini kwa hiari. Nilikuwa nimemweka kwenye rangi ya bluu na nikaridhika kwamba namjua.

Kisha Mzee Machibya akamgeukia Selestina. Alimwita mama. Akamuuliza, siku ile, akijua amekatazwa kwa maandishi, nani alimruhusu kuingia.

Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Hakunitazama.

"Hakuna, mzee. Niliingia mwenyewe."

Mzee Machibya akaanza kuandika. Nilisikia kalamu. Sikutakiwa kufanya chochote. Ningekaa tu hivyo hivyo, mikono juu ya faili, na kalamu ingefika mwisho wa mstari, na mimi ningekuwa na Musoma. Siwezi kudai kwamba dhamiri ilinisukuma. Kilichonisukuma ni kwamba sikuweza kuvumilia kuwa na deni kwa mtu niliyemwita mfagiaji.

"Nilimruhusu mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Katibu, ripoti haisemi hivyo."

"Haisemi kwa sababu niliiandika mimi."

Akaniambia niendelee. Nikawaeleza drifti, Diana na begi lake, mlango, simu nne, dakika kumi na moja. Sikuweka mazingira magumu. Dk. Apolinary aliondoa miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Walitutoa nje, wakatuita baada ya saa moja. Mama Keraryo anabaki kazini, na onyo la maandishi kwa ajili ya saini. Mimi nijieleze kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kupotosha taarifa. Kwenye ngazi Dk. Apolinary alinishika bega. "Umejiharibia, binti yangu. Ilikuwa imekaa vizuri kabisa."

Gari la kurudi lilikuwa bado, tukaingia kwa mama lishe jirani na ofisi, mimi na Mama Keraryo. Sijui nani alimfuata nani. Aliagiza ugali na sato wa mchuzi, akaanza kula mara moja, kwa vidole, akitenga miba kando ya sahani kwa mpangilio mzuri. Sikuweza kula. Mwishowe nikamuuliza kwa nini alisema vile, wakati alijua, na mimi nikiwa pale pale.

Alimaliza tonge kwanza.

"Ningekutaja ungekana, mwanangu. Wangekuamini wewe, una cheti. Halafu wangeniongezea na kosa la kumsingizia mkubwa. Nikaona bora libaki moja."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amelipiga hesabu hilo wiki tano, wakati anadeki mbele ya mlango wangu, na akanipangia nafasi yangu kwenye hesabu kama nilivyompangia yake kwenye ratiba, kwa kunitazama kazini tu.

Nilitaka kumwambia kwamba nisingekana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikajaribu kuiona ile meza, ananitaja, Mzee Machibya ananigeukia, na ripoti yenye saini yangu iko chini ya mkono wake.

Mama Keraryo alinisogezea sahani ya limau. "Kula," akasema, "kinapoa."

Nikala.